Risasi na Mninga

Jembe huuzwa bila mpini. Ukiingia sokoni Mpanda msimu wa kulima unapewa bapa la chuma lenye tundu, unalipa, unaondoka nalo kwapani. Mpini ni shauri lako. Ipo iliyochongwa tayari, imefungwa mafungu na kuegemezwa ukutani, lakini mkulima anayejijua hutafuta mti wake, akauchonga, akaushika, akauchonga tena mpaka kiganja kikubali. Bapa litaliwa na udongo kidogo kidogo kwa miaka, na mipini itapita mitatu au minne juu yake. Sijamsikia mtu akilalamika kwamba ameuziwa jembe pungufu. Inaeleweka kwamba mwenye kiwanda hakuuona mkono wako.

Mwaka huu nimeliwaza jembe kuliko kawaida yangu, na sababu yenyewe haina uhusiano wowote na shamba. Ni mashine ya gemu. Ilitoka uvunguni mwa kitanda cha mama mkubwa siku tulipokuwa tunamhamishia chumba kingine: kisanduku cha plastiki kilichokuwa cheupe, sasa kina rangi ya chai ya maziwa, na kaseti moja imo ndani yake bado. Kaka yangu, yaani mtoto wa huyo mama mkubwa, akapuliza vumbi. Tukaichomeka kwenye televisheni bapa ya sebuleni, njano kwa picha, nyeupe kwa sauti, bila matumaini. Ikawaka. Matofali yakajipanga, kifaru cha njano kikatokea chini ya ukuta, na yule tai tuliyekuwa tunamlinda utotoni akakaa kwenye kiota chake cha matofali kana kwamba tuliondoka jana kwenda kula.

Lile ni gemu la vifaru, Battle City, la kampuni ya Namco, mwaka 1985. Mkoa wetu wa Katavi una hifadhi ya taifa ya kilomita za mraba 4,471 yenye viboko wanaobanana kwenye madimbwi ya mto Katuma kiangazi kikikolea, lakini vifaru tulivyokua navyo sisi vilikuwa hivi, vya njano na kijani, vyenye mzinga.

Padi za kuchezea zilikuwa mbili. Moja waya wake ulikuwa umeliwa na panya. Nyingine kaka akaishika, akaigeuzageuza, akaiweka mezani taratibu. "Hii ilitengenezewa wenye vidole kumi," akasema, kisha akauliza kama chai imeiva.

Kaka ni seremala. Kidole gumba cha mkono wa kushoto kilikwenda na msumeno wa duara miaka mitatu iliyopita, asubuhi kweupe, kwenye karakana yake mwenyewe, na huwa hamlaumu mtu. Wanaomwonea huruma anawapa jibu moja: waliofurahi ni chawa tu, maana mvunjaji wao amepungua. Nami nilikuwa nimeshazoea kuuona mkono ule ukishika randa, ukishika kikombe, ukisalimia, hata nikasahau kwamba kuna kitu hauwezi. Kumbe kipo, na kilikuwa kimelala uvunguni miaka yote hiyo kikisubiri.

Maana padi, ukiitazama vizuri, ni orodha ya vidole. Mwaka 1982 Gunpei Yokoi wa Nintendo aliweka kwenye kijimashine cha mkononi cha Donkey Kong kitufe chenye umbo la msalaba. Chini yake katikati pana mhimili; ukibonyeza kushoto, kulia kunanyanyuka, kwa hiyo huwezi kuamuru pande mbili zinazopingana hata ukiwa na hasira. Mwaka uliofuata msalaba ule ukahamia kwenye padi za Famicom, mashine iliyobuniwa na Masayuki Uemura na wenzake kule Kyoto. Tangu hapo gumba la kushoto likapewa kazi ambayo halikuwahi kuwa nayo, kuongoza njia, na la kulia likapewa kupiga. Dunia nzima ikakubali. Watoto wa Mpanda nao wakakubali, bila kujua kwamba kuna mtu aliyeamua.

Hata walioamua walikuwa wanabahatisha. Famicom za mwanzo kabisa zilitoka na vitufe vya mraba vya mpira laini, vikawa vinanasa. Ikabidi wahamie vya duara vya plastiki. Na padi zake ziliungwa moja kwa moja na mashine, hazina plagi, kwa hiyo ikifa padi unafumua mashine nzima. Hebu fikiria jembe lenye mpini uliochomelewa. Nyuma zaidi, mwaka 1977, Atari walitoa fimbo inayoongozwa kwa mkono wa kulia huku kitufe cha kupigia kikikaa pembeni kwenye gumba la kushoto. Mtindo huo ulikufa kwa sababu mwingine ulishinda sokoni. Mkono wa binadamu haukuulizwa.

Yetu haikuwa Famicom halisi. Ilikuwa moja ya zile nakala za Taiwani na China zilizotapakaa kote ambako Nintendo hawakufungua duka. Warusi wanaikumbuka ya kwao kwa jina la Dendy, sisi tuliita tu TV gemu. Ukifungua kifuniko hukuti chipu zenye majina. Unakuta tone jeusi la gundi ngumu katikati ya ubao, kama lami iliyodondoka, na ubongo wote umo humo. Baba mkubwa alikuja nayo kutoka Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa treni, imefungwa ndani ya blanketi. Umeme wa Mpanda wakati ule ulikuwa wa majenereta ya dizeli, mbali na gridi ya taifa, nao ulikuja na kuondoka kwa saa zake. Tulijifunza kucheza haraka. Kaka alikuwa kifaru cha njano kwa sababu ya ukubwa, mimi kijani kwa sababu ya udogo, na mpangilio huo haujawahi kujadiliwa upya.

Nilipomwambia nitamtengenezea padi yake, hakufurahi kama nilivyotarajia. Mimi nafundisha fizikia katika sekondari moja hapa mjini, na nadhani alisikia sauti ya mwalimu.

"Dogo, usinitengenezee kitu cha mgonjwa."

"Siyo cha mgonjwa, kaka. Ni padi."

"Basi boksi nachonga mimi. Wewe leta waya."

Ninaelewa alichokikataa. Mwaka 1989 Nintendo walitoa chombo cha kuchezea bila mikono: kinakaa kifuani, unasukuma fimbo kwa kidevu na kupiga kwa kuvuta au kupuliza mrija. Hakikupangwa madukani; ulipaswa kuwapigia simu wenyewe uagize. Mwaka 2018 Microsoft wakaja na ubao mweupe wenye vitufe viwili vikubwa na matundu nyuma, ili kila mtu achomeke suichi zinazomfaa. Ni kazi nzuri zote mbili, na hicho cha pili kina busara ya wauza majembe: kinakuachia tundu. Lakini ukivitazama vyote unajua mara moja vimekusudiwa nani. Kaka hakutaka kitu kitakachomtambulisha kabla hajafungua mdomo. Alitaka kunipiga kwenye gemu la vifaru.

Kwanza nilikwenda kwenye kibanda cha gemu karibu na stesheni, kwa sababu mafundi wa padi wa mji huu hawana cheti, wana foleni ya wateja. Pale kuna PlayStation 2 ambazo zimeshapita umri wa wanaozichezea. Mashine hiyo ilitoka mwaka 2000, zikauzwa zaidi ya milioni 150 duniani, kiwanda kikaacha kuzitengeneza karibu mwanzo wa 2013, na pale kibandani bado zinapiga mpira kutwa. Kinachokufa ni padi. Kijana mwenye kibanda alinivutia droo ambayo anaiita makaburi. Ndani yake kulikuwa na maganda, waya, mipira ya vitufe. Akanionyesha ufundi wake: kitufe kikigoma, anakata duara dogo la karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara, anaibandika chini ya mpira pale ambapo kaboni imelika, umeme unapita tena. Hana gundi? Anasugua penseli. Padi za PS2 zina karatasi nyembamba ya plastiki yenye njia za umeme ambayo hulegea na kuacha kugusa ubao. Anapachika kipande cha karatasi kilichokunjwa nyuma yake, inabanwa, mechi inaendelea. Kila padi pale imekwisha kuguswa na mkono wake mara nyingi kuliko wa kiwandani.

"Ticha, hii ya kwako siyo gemu, ni mambo ya makumbusho," akasema akiishika padi yangu kwa vidole viwili. Akanipa moja ya zamani kutoka makaburini, bure, nikajaribie.

Ile nikaiharibu. Wazo lilikuwa rahisi: chukua ubao wa padi nzima, chomea nyaya juu ya vile vituo ambavyo vitufe hugusa, kisha nyaya ziende kwenye suichi zangu. Lakini ubao wa bei rahisi umepakwa kaboni juu ya shaba, na risasi haishiki kwenye kaboni. Nikakwangua kwa wembe. Nikaweka chuma cha moto. Nikakikalisha sana kwa woga wa kutoshika, kipande cha shaba kikabanduka kama ganda la kidonda. Cha pili nacho hivyo hivyo. Kufikia usiku nilikuwa na ubao wenye makovu na heshima mpya kwa yule kijana wa kibandani.

Nimeandika risasi, na hapa siwezi kupita bila kusimama kidogo. Kiswahili kimebebesha neno hili mizigo mitatu bila kuona haya: madini yenyewe, kile kinachotoka kwenye mtutu, na ule waya laini wa kijivu unaoyeyuka kwenye ncha ya chuma cha kuchomea na kuunganisha viungo. Mpanda ni mji wa ile ya kwanza. Reli iliyoleta TV gemu yetu ni tawi la kilomita 210 kutoka Kaliua, lililofunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa Mukwamba wa kampuni ya Uruwira Minerals. Humo ilichimbwa risasi, na pamoja nayo shaba, fedha na dhahabu. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Reli haikung'olewa, ikajifunza kubeba watu, mahindi, mpunga, asali, na mara moja blanketi lenye kisanduku cheupe. Mkoa wa Katavi ulipomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012 na Mpanda kuwa makao makuu yake, mji ulipata vyeo na majengo, lakini bado ukiuliza kwa nini upo hapa ulipo na si kwingine, jibu la kweli lina uzito wa risasi.

Ile niliyokuwa nachomea ilitoka China, rola ndogo yenye maandishi kwamba ni bati asilimia 60 na risasi asilimia 40. Ulaya wameizuia katika vifaa vingi vya umeme tangu Julai 2006 kwa sababu ni sumu. Hapa bado inauzwa, na kusema ukweli inashika vizuri kuliko ile isiyo na risasi. Nilifungua dirisha, nikanawa mikono kabla ya kula, na wanafunzi wangu nawaambia wafanye hivyo hivyo. Sijui kama chembe moja ya rola ile iliwahi kupita kwenye reli yetu ikienda pwani zaidi ya miaka 60 iliyopita. Haiwezekani kujua na haina maana. Lakini niliiwaza kila moshi ulipopanda.

Basi nikaamua kuanza upya, na kuanza upya kulitaka chipu ya namba 4021. Ina miguu 16 na thamani yake haifiki soda. Ndiyo hiyo hiyo Nintendo waliyoitia kwenye padi zao. Mpanda sikuipata. Rafiki aliyeko Dar es Salaam aliifuata Kariakoo akaituma kwa basi, ikafika imechomekwa kwenye kipande cha sponji ndani ya bahasha ya kaki.

Kazi yake naweza kuieleza kwa daftari la mahudhurio. Chukua darasa la watoto wanane: A, B, Select, Start, Juu, Chini, Kushoto, Kulia. Mlango wa darasa ni mwembamba, sauti moja tu inaweza kutoka kwa wakati mmoja. Mashine inapiga kengele: kila mtoto asimame kama alivyo, aliyebonyezwa na asiyebonyezwa. Halafu mashine inagonga meza. Gonga, A anajibu. Gonga, B anajibu. Mpaka wa nane. Ndiyo maana vitufe vinane vinatosheka na nyaya tano tu: umeme, ardhi, kengele, kugonga meza na jibu. Fimbo ya Atari haikuwa na darasa. Kila suichi ilikuwa na waya wake. Kwa nakala kama yetu mahudhurio haya huitwa mara 50 kila sekunde. Majibu 400 kwa sekunde. Ukikaa saa nzima mikono mapajani ukitazama ukuta, umekwisha kusema "hapana" mara 1,440,000, na mashine haikuchoka kuuliza.

Kuna mtu aliyewahi kukuuliza jambo mara nyingi hivyo? Nilimuuliza kaka swali hili. Akasema ndiyo, wadai.

Yeye alikuwa upande wa mbao. Tulianza na mkono. Akaulaza juu ya kipande cha boksi, nikauzungushia penseli, kwanza wa kushoto, kisha wa kulia. Wa kushoto mchoro wake una bonde pale ambapo kwa watu wengine pana tawi. Akauchukua mchoro akautazama kwa jicho la kazi, jicho lile analolitumia kwa ubao wenye ufa: hasikitiki, anatafuta pa kupitisha msumeno. Akasema kiganja ndicho kipana, kiganja ndicho kipige.

Na mkono wa kulia uongoze. Tulikuwa tumerudi nyuma miaka sita kabla ya Famicom, kwenye ule mtindo wa Atari, bila kukusudia. Kwa gemu hili inawezekana kwa urahisi kwa kuwa A na B zote zinafyatua. Huhitaji zaidi ya kitufe kimoja cha kupigia. Kwa gemu la kukimbia na kuruka tungekuwa na kazi nyingine.

Mbao ilikuwa mninga, mabaki ya kitanda cha mteja. Miombo ya huku ndiyo kwao, na seremala wa Mpanda akikwambia ametumia mti mwingine kwa kitu cha kudumu anakuomba radhi kwanza. Mti huu ukikatwa mbichi hutoa utomvu mwekundu kabisa. "Mimi na yeye tuko sare," kaka alisema akipiga randa, na maranda ya kahawia yakaanguka miguuni kwake yakinukia. Boksi lake lina pembe zilizounganishwa kwa meno, bila msumari hata mmoja, kwa kitu ambacho kitakaa mapajani. Nilimwambia haikuwa lazima. Hakujibu.

Fimbo ya kuongozea ni ya mninga pia, urefu wa kalamu, imepita katikati ya kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli uliokazwa kama ngozi ya ngoma. Mpira ndio unaoirudisha katikati. Pande nne chini yake kuna suichi nne nilizozibandua kwenye vipanya viwili vya kompyuta vilivyokufa. Zile ndogo zinazosema *tik*. Fimbo ikiinama inagusa moja, na kwa kuwa haiwezi kuinama kushoto na kulia kwa pamoja, mpira wa baiskeli umefanya kazi ya mhimili wa Yokoi. Kitufe cha kupigia ni kibao kipana kiasi cha pakiti ya sigara, kimeshikwa na bawaba ya sanduku, kinanyanyuliwa na springi ya kalamu. Kinapigwa kwa kiganja, kwa ngumi, kwa kiwiko ukipenda. Start na Select ni vitufe vya kengele ya mlangoni, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa navyo. Mwisho kaka akapaka nta ya nyuki wa Inyonga kwa kitambaa, mara tatu, akisubiri ikauke kati ya mara na mara, huku mimi nimekaa na nyaya zangu kama mgeni aliyewahi.

Siku ya kwanza ya kuwasha, kifaru cha njano kilitembea chenyewe.

Hakuna aliyekuwa ameshika fimbo. Kilikwenda kulia, kikasita, kikaenda kulia tena mpaka ukutani. Kaka akarudisha mkono, kikatulia. Akausogeza karibu na boksi bila kuligusa, kikaanza safari. Akaurudisha. Kikatulia. Binti yake mdogo, aliyekuwa mlangoni, akasema, "Baba mdogo, kina jini," akakimbia kuita wenzake, na ndani ya dakika chache nilikuwa na hadhira ya watoto saba waliotaka kusogeza viganja vyao wote.

Kosa lilikuwa langu na ni la kitabuni. Chipu za aina hii, mlango wake ukiuacha bila kuuunga popote, haukai kimya. Kila mlango unatakiwa uwe na rezista inayouvuta upande mmoja, iwe ni kama kuuambia: usiposikia kitu, jibu hapana. Nilikuwa nimefunga saba, ya Kulia niliiruka. Waya ule ukawa unaokota chochote kilichomo hewani, mngurumo wa umeme wa nyumba, mwili wa mtu akisogea, na kila ulipoitwa kwenye mahudhurio ukajibu kwa uhakika uleule wa wengine. Mashine haikuwa na namna ya kutofautisha. Kwayo, jibu ni jibu.

Nimefundisha habari hii ubaoni kwa miaka, kwa chaki, milango inayoelea, alama tano za mtihani. Sikuwahi kuona darasa likisikiliza kama lilivyosikiliza lile la watoto saba sebuleni. Niliacha kuirekebisha kwa nusu saa nzima ili kila mmoja apate zamu ya kuongoza kifaru kwa kiganja kitupu. Kaka alikuwa wa mwisho kwenye foleni, na alisogeza mkono wa kushoto.

Kisha nikachomea rezista ya nane.

Tulicheza jioni hiyo, yeye njano, mimi kijani, nikitumia ile padi ambayo waya wake ulioliwa na panya nilikuwa nimeuunga. Ningependa kusema kulikuwa na shangwe. Mwanzoni kulikuwa na kimya cha watu wawili wanaojifunza upya kitu walichokijua. Mkono wake wa kulia haukuwa umewahi kuongoza. Ulikuwa unaenda juu ukitaka chini, kwa sababu kwa miaka yote umezoea kufyatua tu. Alikufa mara tatu kwenye hatua ya kwanza. Hakulalamika. Alipunguza mwendo, akaanza kukaa nyuma karibu na tai, akingoja maadui waje, akipiga kile kibao kwa kiganja kama anayegonga mlango wa jirani asiyemwamini. *Tok.* Kila *tok* ilikuwa na sauti ya mbao, sauti ambayo gemu lile halikuwahi kuwa nayo.

Hatua ya nne akageuka. Katika gemu hili ukimpiga mwenzako hafi, ila anaganda kwa muda hawezi kusogea. Utotoni ilikuwa adhabu yake kwangu nikimchukulia zawadi zake, na mimi sikuwahi kuthubutu kulipiza. Nilikuwa nakimbilia nyota iliyotokea kona ya juu. Nikasikia *tok*, kifaru changu kikaganda katikati ya njia na kuanza kumweka, na yeye akapita pembeni yangu polepole, bila haraka yoyote, kwenda kuichukua.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba, dogo."

Tukaendelea mpaka umeme ulipokatika. Gizani nilimsikia akisimama, nikadhani anatafuta tochi. Aliwasha ya simu, akaishika kwa meno, akaligeuza boksi na kupitisha kidole kwenye ukingo wa kile kibao, akarudia, akasimama mahali. Kulikuwa na pembe iliyokuwa inamla kiganja. Kwenye mwanga ule niliona alama nyekundu. Akavuta kipande cha msasa kutoka mfuko wa nyuma wa suruali, akaketi chini ya mlango, na kuanza kusugua.

"Bado kidogo," akasema.